MOTO MDOGO WA TUMBO: SOMO JUU YA GASTRITI, KANSERE, NA SUMU TUNAYODHANI



Katika gazeti letu hili tumekwisha kusoma mara nyingi juu ya malaria, kipindupindu na kuhara. Ni vizuri, sababu magonjwa hayo yanakuja kwa haraka na kila mtu anayaogopa. Lakini leo nataka tusome juu ya ugonjwa unaokuja polepole, sawa vile mchwa ndani ya mlango. Hauleti homa. Haumlazi mtu kitandani. Mwenye kuwa nao anaendelea kulima, anaendelea kufundisha, anaendelea kuuza sokoni, miaka kumi, miaka makumi mawili. Kisha siku moja watu wanashangaa: fulani amekonda namna gani?

Kazi ya kapita inanifanya nijue nani anaumwa katika bweni. Kila juma kuna wanaokuja kuomba bikarboneti ao kidonge chochote, wakisema: "Kapita, tumbo inaniwaka." Wakipata wanatulia, na kesho kutwa wanarudi. Kwa hiyo nimeuliza mwalimu wetu wa biolojia, nimeuliza pia kwenye kituo cha afya, na nimesoma vitabu. Haya ndiyo niliyopata. Yana faida kwetu wenyewe, na zaidi kwa wazazi tuliowaacha nyumbani.

I. MWILI UNAPOWAKA

Ukichomwa na mwiba shambani, kisha saa chache utaona mambo manne: mahali pale panakuwa pekundu, panavimba, panapata moto, panauma. Alama hizi nne ziliandikwa zamani na Mroma mmoja jina lake Celsus, katika karne ya kwanza, na hata leo waganga wanazifundisha vile vile. Jambo hilo linaitwa inflamasio, neno linalotoka katika Kilatini, maana yake kuwasha moto. Katika somo hili nitaliita "moto wa mwili".

Moto huu si adui. Ni kazi ya ulinzi. Mishipa midogo ya damu inafunguka, chembe nyeupe za damu zinafika mahali pa kidonda sawa vile askari walioitwa, zinapiga mikrobe, zinakula uchafu, kisha chembe zingine zinatengeneza mahali palipoharibika. Kazi ikiisha, askari wanaondoka. Mwiba umetoka, mguu umepona, hata alama unaisahau.

Lakini kama mwiba hautoki? Hapo ndipo shida inaanza. Askari wanafika na hawarudi. Sisi watu wa upande huu wa inchi hatuna lazima ya kufundishwa sana jambo hili. Askari wakikaa kijijini siku mbili kwa kufukuza wezi, watu wanashukuru. Wakijenga kambi na kukaa miaka kumi, wanamaliza kuku, wanamaliza mbuzi, wanakata miti yote kwa kuni, hata kama hawakuja kwa nia mbaya. Na chembe nyeupe za damu ni vivyo hivyo. Silaha zao ni vitu vikali vya kemia vyenye oksijeni, ambavyo vinaua mikrobe lakini vinaunguza pia chembe za mwili wetu zilizo karibu. Siku tatu si kitu. Miaka makumi matatu ni jambo lingine.

Moto wa namna hii, usiozimika, ndio tunaouita moto wa kudumu. Mara nyingi hauna ule wekundu na ule uvimbe unaoonekana. Unawaka chini ya majivu.

II. NAMNA GANI MOTO UNAZAA KANSERE

Mwaka 1863 mganga Mjerumani Rudolf Virchow, akitazama nyama za kansere kwa darubini, aliona ndani yake chembe nyeupe nyingi za damu. Akafikiri kwamba kansere inaanza mahali ambapo mwili umeumizwa na kuvimba muda mrefu. Watu wengi waliacha wazo hilo miaka mingi. Mwaka 1986 Harold Dvorak wa Marekani akalirudisha kwa namna nyingine: alionyesha kwamba kansere inafanana na kidonda ambacho hakijui kupona.

Sababu yake tunaweza kuielewa kwa kazi yetu ya kila siku. Wote tunajua kwamba darasani kitabu ni kimoja na wanafunzi ni wengi. Mmoja ananakili kwa mwalimu, wa pili ananakili kwa wa kwanza, wa tatu kwa wa pili. Ukifika kwa daftari la makumi matano, utakuta "mishipa" imekuwa "mishale". Hakuna aliyetaka kudanganya. Kunakili kwingi ndiko kunakoleta makosa.

Kila chembe ya mwili ina kitabu chake, ndiyo ADN. Chembe ikigawanyika, inanakili kitabu chote. Katika mahali penye moto wa kudumu, chembe zinakufa kila siku na zingine zinagawanyika kwa haraka kwa kujaza nafasi. Kunakili kunakuwa kwingi mno, na zile silaha za kemia zinachoma kurasa wakati mwenye kunakili bado anaandika. Makosa mengi hayana neno, mwili unayasahihisha ao unaua chembe yenyewe. Lakini siku moja kosa linaangukia ukurasa unaosema "acha kugawanyika". Chembe ile haisikii tena amri. Inazaa, inazaa, inazaa. Hiyo ndiyo kansere.

Angalia vizuri: kati ya mwanzo wa moto na kansere miaka mingi inapita. Muda huo mrefu ndio unaofanya wagonjwa wasahau mwanzo. Lakini muda huo huo ndio nafasi yetu ya kuzima.

III. MIKROBE INAYOISHI NDANI YA ASIDI

Sasa tushuke katika mfuko wa chakula. Ndani yake kuna asidi kloridriki, pH kati ya 1 na 3, kali ya kutosha kuua karibu mikrobe zote. Kwa sababu hiyo waganga waliamini zamani kwamba hakuna bakteria inayoweza kuishi pale, na kwamba gastriti na vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo mengi na pilipili.

Katika mji wa Perth, inchi ya Australia, mganga Robin Warren aliona katika vipande vya nyama ya mfuko wa chakula bakteria ndogo yenye kujipinda. Kijana mmoja, Barry Marshall, akaungana naye. Walijaribu kuiotesha katika maabara, hawakuweza. Mwaka 1982, wakati wa sikukuu ya Pasaka, vyombo vyao vilibaki katika joto siku nyingi kuliko kawaida sababu ya mapumziko. Waliporudi, kumbe bakteria imeota! Ilikuwa inaota polepole tu, na mbele walikuwa wakiitupa mapema. Leo inaitwa Helicobacter pylori.

Wakubwa wa kazi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall, kisha kupimwa na kuonekana kwamba mfuko wake ni mzima, alikunywa maji yaliyojaa bakteria ile. Siku chache kisha akaanza kichefuchefu na kutapika, na walipomwangalia ndani kwa mpira wenye taa wakakuta gastriti kweli. Akameza antibiotiki, akapona. Mwaka 2005 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel. (Ndugu zangu, tusimfuate katika kunywa. Tumfuate katika kutafuta ukweli.)

Namna gani inaishi katika asidi? Wanafunzi wa kemia, andikeni. Bakteria hiyo ina enzimu inaitwa urease, inayovunja urea:

CO(NH2)2 + H2O → 2 NH3 + CO2

Amonia ni bazi, inapunguza asidi iliyo kando ya bakteria. Basi inajifunika koti la amonia, inajipinda ndani ya ute unaofunika ukuta wa mfuko, na inakaa pale. Askari wa damu wanafika, wanapiga, hawaifikii vizuri. Hawarudi, na bakteria haitoki. Moto wa kudumu umeanza.

Karibu nusu ya watu wa dunia wamekuwa nayo, na katika Afrika ni wengi kuliko nusu. Inapatikana hasa katika utoto, ndani ya nyumba, kutoka kinywa kwa kinywa, kwa matapiko, kwa maji na mikono iliyochafuliwa na choo. Watu wengi walio nayo hawasikii kitu.

IV. NGAZI YA KUSHUKA

Pelayo Correa, mganga wa Kolombia, alionyesha tangu mwaka 1975 kwamba kansere ya mfuko wa chakula haianguki kama radi. Inashuka ngazi moja moja:

1. Gastriti ya kudumu: ukuta wa mfuko unawaka.
2. Ukuta unakuwa mwembamba, tezi zinazotoa asidi zinakufa.
3. Chembe za mfuko zinageuka na kufanana na chembe za utumbo, sawa vile mtu aliyekimbia inchi yake na kuanza kusema lugha ya wengine.
4. Chembe zinaanza kukosa mpango.
5. Kansere.

Kushuka ngazi hii kunaweza kuomba miaka makumi mawili, makumi matatu ao zaidi. Na si kila mtu anafika chini. Katika watu 100 wenye mikrobe hii, 10 hivi watapata kidonda, na 1 mpaka 3 watapata kansere. Usiseme "tatu ni wachache". Hesabu nyumba za mtaa wenu, halafu sema tena.

Mwaka 1994 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansere, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliandika bakteria hii katika kundi la kwanza, ndiyo kundi la vitu vinavyojulikana hakika kwamba vinaleta kansere kwa binadamu.

Tena kuna jambo la milima. Katika Kolombia, watu wa milima ya Nariño wanapata kansere ya mfuko wa chakula zaidi ya mara 20 kuliko watu wa pwani ya inchi ileile, na mikrobe iko kwa wote karibu sawasawa. Kwetu pia, waganga wa zamani waliofanya kazi katika Afrika ya kati waliona kwamba kansere hii inaonekana zaidi katika milima ya Kivu, Rwanda na Burundi kuliko katika mabonde ya chini. Ndiyo kusema mikrobe peke yake haimalizi habari. Aina ya mikrobe, ukoo wa mtu, chumvi nyingi, tumbako, kukosa matunda na mboga, vyote vinaongeza kuni motoni.

V. MOTO MWINGINE KATIKA NJIA YA CHAKULA

Mfuko si mahali pa pekee. Nitataja kwa kifupi.

Umio, ndiyo njia ya kumeza. Unaunguzwa na pombe, na tumbako. Anayetumia vyote viwili anazidisha hatari mara nyingi. Kanyanga na lotoko ni kali kuliko bia, na kila mmoja anajua namna zinavyochoma zikishuka. Tena, mwaka 2016 IARC ilisema kwamba vinywaji vya moto kupita digrii 65 vinaweza kuleta kansere ya umio. Basi uji na chai, ngoja kidogo vipoe. Haraka ya kengele haifai kuunguza koo.

Ini. Hapa kuni ni virusi vya hepatiti B, pombe, na aflatoksini. Hiyo ya mwisho ni sumu ya kweli, inayotolewa na ukungu katika karanga na mahindi yaliyohifadhiwa bila kukauka vizuri. Kuchemsha hakuiondoi. Karanga yenye ukungu ao rangi ya ajabu itupwe, hata kama roho inauma. Kwa hepatiti B kuna chanjo: iko ndani ya pentavalenti, ile wanayopewa watoto kwa juma la 6, la 10 na la 14. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na mwaka 1997 waganga walionyesha kwamba kansere ya ini imepungua kwa watoto wa inchi ile. Wadogo zetu wa nyumbani, karatasi zao za chanjo ziko wapi? Tuulize tukienda likizo.

Utumbo mpana. Wenye ugonjwa wa kuwaka utumbo miaka mingi, pamoja na kuhara damu kunakorudirudi, wanapaswa kufuatwa na munganga. Damu katika choo si jambo la kuficha kwa haya.

VI. JUU YA KARUHO

Sasa nafika mahali pagumu, lakini bila pale somo hili lingekuwa la mtihani tu.

Wote tunajua neno karuho. Mtu akianza kuumwa tumbo, akakonda, akakohoa, akakosa hamu ya chakula, jirani wanasema: "Huyu bamemulisha." Wanatafuta nani alimpa chakula wakati wa matanga, nani alimpa pombe siku ya ndoa. Mara nyingi wanapata shangazi mjane, ao mama mkubwa asiye na watoto, ao mke wa baba mdogo. Mgonjwa anapelekwa kwa mwenye kutapisha. Anatapishwa dawa za majani, anatoa vitu, wanasema sumu imetoka. Akipata nafuu kidogo ni ushuhuda. Akifa, wanasema alichelewa, na yule mama anafukuzwa nyumbani, ao anapigwa, ao anapata mabaya kuliko hayo.

Sisemi kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kutia mwenzake sumu. Nasema tufikiri sawa watu waliosoma. Sumu nyingi za kemia zinafanya kazi katika saa ao siku chache. Lakini mtu aliyeumwa tumbo miaka mitano, akila anaumwa, asipokula anaumwa, kisha akaanza kukonda, mtu huyu anaonyesha picha ya magonjwa ambayo tayari yana majina: kidonda cha tumbo, kansere ya mfuko, kifua kikuu, ukimwi, ugonjwa wa ini. Kila moja lina kipimo chake. Hakuna kipimo hata kimoja kinachopatikana kwa kuuliza nani alipika.

Mtu atanijibu: "Kapita, namna gani basi baba alikufa vile, na kisha kaka yake mkubwa, na sasa mtoto wake anaanza? Si kuna mtu anayemaliza nyumba hii?" Ni swali zuri, na jibu lake liko katika sura ya III. Mikrobe hii inapatikana utotoni ndani ya nyumba moja. Waliolala kitanda kimoja, waliokula sahani moja, wanagawana mikrobe moja. Wanagawana pia chumvi ileile, tumbako ileile, na damu ya ukoo mmoja. Kwa hiyo kansere ya mfuko inaweza kufuata nyumba. Jambo lile ambalo watu wanalichukua kama ushuhuda wa ulozi ndilo lingepaswa kuwatuma ndugu wote kupimwa. Badala ya kupimwa, wanamfukuza shangazi. Shangazi anaondoka, mikrobe inabaki.

Na tazama hasara mbili. Mgonjwa anapoteza miezi ambayo munganga angeweza kumsaidia. Na mtu asiye na kosa anapoteza nyumba, jina, na pengine uhai. Sisi tuliopewa bahati ya kukaa shuleni, kama mkutano wa jamaa unafanywa na tuko pale, tusinyamaze kwa sababu sisi ni vijana. Tunaweza kusema kwa heshima: "Wazee, baba, mama, tunawaomba, mbele ya kutafuta nani, tutafute nini. Tumpeleke kwanza hospitali." Maneno haya hayamtukani mzee yeyote.

VII. TUFANYE NINI

Je, moto unaweza kuzimwa kweli? Ndiyo. Katika visiwa vya Matsu, vilivyo chini ya Taiwan, tangu mwaka 2004 walianza kupima watu wazima na kutibu wote waliopatikana na mikrobe. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba wenye mikrobe walipungua kutoka 64 kwa watu 100 mpaka 15, na kansere mpya za mfuko wa chakula zilipungua kupita nusu.

Na hesabu hii inatugusa sisi wenyewe. Mwaka 2025 wataalamu wa IARC walikadiria kwamba, kama hakuna kitakachobadilishwa, katika watu wa dunia waliozaliwa kati ya mwaka 2008 na 2017, milioni 15.6 watapata kansere ya mfuko wa chakula maishani mwao, na 76 katika kila 100 za kansere hizo zitatoka kwa mikrobe hii. Waliozaliwa miaka ile ni nani? Ni wengi wa waliokaa katika madarasa yetu, na wadogo wao walio katika shule ya msingi. Wataalamu hao wanasema pia kwamba ongezeko kubwa litakuwa Afrika.

Basi haya ndiyo mashauri:

1. Tumbo likiuma mara kwa mara kupita majuma mawili, usizunguke na bikarboneti. Enda kwenye kituo cha afya. Kipimo cha choo kinaweza kuonyesha kama mikrobe iko sasa. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha mikrobe iliyokwisha kutoka.

2. Omeprazoli inapunguza asidi na maumivu, lakini peke yake haiui mikrobe. Tena inaweza kuficha mikrobe isionekane kwa kipimo cha choo, kwa hiyo mwambie munganga kama umeimeza katika majuma mawili yaliyopita.

3. Ukipewa dawa za kuua mikrobe, ni dawa tatu ao nne pamoja, mara nyingi kwa siku 14. Maliza zote. Anayeacha siku ya tano kwa sababu amesikia nafuu anafundisha mikrobe kushinda dawa. Usigawe vidonge na rafiki: nusu ya dawa kwa wawili haitibu hata mmoja.

4. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na indometasini zinapunguza maumivu ya kichwa na mgongo, lakini zinaondoa ulinzi wa ukuta wa mfuko na zinaweza kufungua kidonda. Usizimeze kwa maumivu ya tumbo la chakula hata kidogo. Dada zetu wanaozitumia siku zao za mwezi, wazimeze kisha kula, kwa siku chache tu, na anayeumwa gastriti aulize kwanza kwa muuguzi.

5. Mikono kwa sabuni kisha choo na mbele ya chakula. Maji ya kunywa yachemshwe. Katika bweni, kikombe kimoja kwa watu kumi si ushirika mzuri, ni njia ya mikrobe.

6. Makayabu ni matamu, lakini yalowekwe kwanza na maji ya chumvi yamwagwe. Mapera, maembe, mapapai, machungwa, lengalenga na sombe si chakula cha maskini; ni ulinzi wa tumbo. Tumbako na pombe, kanuni ya shule imekwisha kusema, na sasa mnajua sababu.

7. Ziko alama ambazo hazingoji majuma mawili: choo cheusi kama lami, kutapika damu ao kitu kinachofanana na kahawa, chakula kukwama wakati wa kumeza, kutapika kila siku, kukonda bila sababu, kukosa damu. Mwenye alama hizi, hasa mtu mzima aliyepita miaka 40, apelekwe katika hospitali yenye mpira wa kuangalia ndani. Ni gari la mbali na ni feza nyingi, najua. Lakini mara ngapi tumeona jamaa ikiuza mbuzi kwa kulipa mwenye kutapisha?

Ndugu zangu, hatuna mashini kubwa katika shule hii. Tuna kalamu, tuna midomo, na tuna likizo mbele yetu. Kila mmoja wetu akirudi nyumbani atakuta mtu anayeshika tumbo kila jioni na kusema "ni kawaida yangu". Umuulize mzee huyo: tangu mwaka gani? Umepimwa? Unameza nini? Maswali haya matatu hayaombi diploma.

MASWALI YA KUJIPIMA (tutayajibu pamoja katika masomo ya jioni)

1. Taja alama nne za moto wa mwili. Kwa sababu gani moto wa kudumu ni hatari kuliko moto wa siku chache?
2. Andika kazi ya urease kwa kemia. Bakteria inapata faida gani kwa amonia?
3. Taja ngazi tano za Correa. Kwa mawazo yako, ni rahisi kuzuia kansere kwenye ngazi gani?
4. Katika nyumba moja watu watatu wamekufa kwa ugonjwa wa tumbo. Jirani wanasema ni karuho. Andika mistari kumi ya maneno ambayo ungeyasema mbele ya wazee.
5. Kwa nini mtu anayemeza omeprazoli kila siku anaweza kudhani amepona?

Anayetaka kuuliza zaidi anione kisha masomo, ao aende kwa mwalimu wa biolojia. Lakini anayeumwa asinione mimi kwanza. Sanduku langu halina dawa tena. Aende kwenye kituo cha afya. Bwana Prefe amekubali kwamba karatasi ya ruhusa itatolewa siku ileile.

Kapita wa wanafunzi,
Mwaka wa sita, Kemia na Biolojia